Kabla Hujanunua Mtaala: Kumfundisha Mtoto Mdogo Nyumbani, Arusha na Moshi

Mzazi akishaamua kumfundisha mwanawe nyumbani, swali linalomtoka kwanza ni "ninunue mtaala gani?" Mimi ningeliweka la nne. Itangulie sheria, ifuate lugha, kisha mtu atakayekaa na mtoto kila asubuhi, hata asubuhi za masika. Hayo matatu yakikaa sawa, masomo ya mtoto wa miaka mitatu hadi mitano hayali fedha nyingi. Yakikaa ovyo, hata kifurushi cha milioni moja kutoka ng'ambo kitaishia juu ya kabati.

Bei nitakazozitaja ni za mfano tu, za kupigia hesabu. Weka za dukani kwako, maana stationari ya katikati ya mji na ile ya Ngaramtoni au Kiboriloni hazitozi sawa.

1. Jua una muda gani kisheria

Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inamtaka mzazi amwandikishe shule mtoto aliyefikia umri wa elimu ya msingi na ahakikishe anahudhuria. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka mfumo wa mwaka mmoja wa awali, miaka sita ya msingi na minne ya sekondari, na darasa la kwanza linaanza mtoto akiwa na miaka sita. Kwa familia ya Kitanzania, basi, masomo ya nyumbani ninayoyazungumzia ni ya miaka ya kabla ya hapo, na baadaye ya jioni na likizo. Usipange bajeti ya miaka saba.

Kuhusu mwaka wa awali wenyewe, nenda mapema kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu. Mweleze umri wa mtoto na unachomfundisha, kisha muulize wanapenda mtoto wa darasa la kwanza afike akiwa anajua nini. Mazungumzo hayo ni bure, na yatakuzuia kununua vitu ambavyo mtoto hatavihitaji kabisa.

Familia za kigeni, kama watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki au watu wa mashirika, ziangalie pia matakwa ya nchi zitakakorudi. Huko ndiko mtoto atakakopimwa.

Kuna jambo moja linalosahaulika. Ukianza kukusanya watoto wa majirani sebuleni kwa malipo, hayo si masomo ya nyumbani tena. Umeanzisha kituo cha kulelea watoto mchana, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo kama hicho kisajiliwe. Muone ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri kabla hujapaka ukuta rangi.

2. Chagua lugha ya kusomea

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea kimyakimya. Mzazi ananunua vitabu vya Kiingereza kwa sababu ndivyo vyenye picha nzuri, halafu mtoto anaenda shule ya serikali anakofundishwa kwa Kiswahili. Au anataka mtoto aende shule ya mchepuo wa Kiingereza, basi nyumbani anapiga marufuku Kiswahili, na mtoto anabaki hana lugha hata moja ya kuelezea kwamba tumbo linamuuma.

Ushauri wangu, hata kwa anayekwenda mchepuo wa Kiingereza, ni kumwanzishia kusoma kwa Kiswahili. Sababu ni ya kiufundi. Irabu zetu ni tano, na kila moja ina sauti moja popote ilipo: a ya *taa* ndiyo a ya *kaka* na ndiyo a ya *mama*. Mtoto akishazishika irabu, akaunganisha na konsonanti chache, anasoma maneno kamili anayoyajua: *meza, maji, kuku, dada*. Anapata raha ya kusoma mapema. Kwa Kiingereza herufi a peke yake ina sauti kadhaa, na mtoto wa miaka minne atakutana na maneno ambayo hayafuati kanuni yoyote anayoweza kuieleza. Akiwa tayari anajua kwamba maandishi hubeba sauti, atayavumilia hayo baadaye.

Kubalianeni nyumba nzima jinsi ya kutaja herufi. Mama akisema "be", dada akasema "bii", na babu akitokea Machame akasema "ba", mtoto anadhani ni vitu vitatu. Fundisha sauti kwanza, majina ya herufi baadaye. Na ile chati ya ukutani inayouzwa kila duka, yenye tufaha kwenye A na marimba kwenye X, iache dukani kwa sasa. Kiswahili hakina q wala x, na c huja ikiwa na h yake. Nunua manila mbili na kalamu ya maka, mtengeneze chati yenu: A ya *andazi*, N ya *ndizi*, NG' ya *ng'ombe*. Mtoto achore mwenyewe, hata kama ng'ombe atatokea na miguu sita.

Kichaga, Kimeru, Kimaasai au lugha yoyote ya bibi na babu ibaki kwa bibi na babu, ya hadithi, nyimbo na vitendawili. Haihitaji kitabu, na haimpunguzii mtoto Kiswahili.

3. Mtu kwanza, vitabu baadaye

Hesabu ya masomo ya nyumbani huanza na mshahara, hata kama mshahara huo haulipwi. Mama akiacha kibanda chake cha soko la Kilombero kwa asubuhi nzima, faida ya asubuhi hiyo ni gharama ya masomo. Baba anayeendesha gari za utalii akiwa nyumbani Aprili na Mei, hiyo ni nguvu kazi, lakini Juni akirudi mbugani haipo tena. Andika majina ya wiki nzima kwenye karatasi: Jumatatu nani, Jumanne nani. Palipo na alama ya kuuliza, ndipo penye bajeti.

Tuseme umeamua kumlipa mwalimu aje asubuhi tatu kwa wiki, mkakubaliana Sh 10,000 kwa kila asubuhi. Kwa wiki 40 ni asubuhi 120, yaani Sh 1,200,000 kwa mwaka. Weka kiasi hicho kando ya bei ya vitabu utakayoiona hapo chini, utaona kwa nini nasema mtu kwanza. Wapo walimu wastaafu wa KKK, waliofundisha kusoma, kuandika na kuhesabu darasa la kwanza na la pili kwa miaka mingi, na wanaijua kazi hii kuliko kitabu chochote. Ukimpata mmoja mtaani kwako, mwombe angalau aje mara moja kwa mwezi akukague, umlipe nauli na asante yake. Mpe shikamoo yake, kisha sikiliza zaidi ya unavyozungumza.

Dada wa kazi naye atajwe wazi. Nyumba nyingi humpa masomo ya mtoto juu ya kupika, kufua na kudeki, bila senti ya ziada, halafu zinashangaa mtoto anashinda mbele ya televisheni. Kama anaweza kazi hiyo na anaipenda, mpunguzie nyingine na mwongeze mshahara. Kama haiwezi, msimtwike.

Muda wenyewe si mrefu. Mtoto wa miaka minne hufaa vipindi vya dakika 15 hadi 20, viwili au vitatu kwa asubuhi, katikati kukiwa na kucheza kweli, si kusubiri. Anayekuuzia ratiba ya saa tano kwa siku kwa mtoto wa umri huo anakuuzia uchovu.

4. Sasa mtaala

Anza na wa Taasisi ya Elimu Tanzania, TET. Ndio unaotumika madarasa ya awali nchini, na mihtasari na vitabu vyake vinapatikana kwenye Maktaba Mtandao ya TET ukijisajili. Soma muhtasari wa elimu ya awali kama mtu anayesoma orodha ya safari. Utakuta kuhusiana na watu, kuwasiliana, kutunza afya na mazingira, sanaa na michezo, na dhana za awali za hisabati. Kusoma na kuandika ni sehemu yake tu, na hilo peke yake huwatuliza wazazi wenye haraka. Tafuta pia kiongozi cha mwalimu, maana ndicho kinachoeleza somo linafanywaje. Huna haja ya makaratasi ya walimu wa shule, yaani azimio la kazi wala andalio la somo la kurasa tatu. Ukurasa mmoja kwa wiki unatosha.

Kwa hadithi, African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, na StoryWeaver ya India wana vitabu vya picha vya Kiswahili vya kusoma na kuchapa bure, kwa leseni huria. Chapa vile ambavyo mtoto amevipenda kwenye simu, si vyote. Kurasa kumi na mbili za hadithi moja inayosomwa mpaka karatasi inachakaa zina faida kuliko rundo la vitabu ishirini.

Video na programu za simu zina nafasi yake, ndogo. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam hutengeneza vipindi vya katuni vya Kiswahili kwa watoto wadogo, na watoto wanavipenda. Mwaka 2019 shindano la Global Learning XPRIZE, lililofanyiwa majaribio katika vijiji vya mkoa wa Tanga, liliwapa ushindi wa pamoja Kitkit School na onebillion kwa programu za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Programu za washiriki waliofika fainali ziliwekwa wazi kwa umma bila malipo. Kwa Kiingereza, Khan Academy Kids ni ya bure pia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto wa miaka mitatu na minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na pungufu ya hapo ni bora. Kwa hiyo bando lako la masomo ni dogo. Likiwa kubwa, jua mtoto anaangalia kitu kingine.

Vifurushi vya ng'ambo vinastahili aya yake, kwa sababu vinavutia. Chukua kifurushi cha dola 400. Kwa kiwango cha Sh 2,500 kwa dola ni Sh 1,000,000, kabla ya usafirishaji na kabla ya kulipia mzigo ukifika. Ndani yake hesabu za fedha ni za senti na robo dola, vipimo ni inchi, majira ni manne na mmoja wao una theluji barazani. Mtoto wa Moshi theluji anaijua, lakini iko kileleni Kibo, mita 5,895, haijawahi kushuka Pasua. Kuna na suala la saa, ambalo watu hawalioni mpaka liwabane. Kitabu, kwa saa za Kizungu, kinasema shule huanza saa nane asubuhi, na mtoto anajua kwamba saa nane ndiyo mchana wa kulala. Hayo yote yanaweza kurekebishwa, ila ni wewe utakayerekebisha kila siku, kwa kazi uliyokwisha kuilipia. Familia inayorudi Marekani au Uingereza baada ya mwaka mmoja inunue bila wasiwasi. Familia ya Sanawari yenye mtoto atakayeanza shule ya jirani, hapana.

Kwa hesabu zenyewe, vifaa viko mezani. Vizibo vya soda vya kuhesabu, maharage na mahindi ya kupanga makundi, sarafu za 50, 100, 200 na 500 za kuchezea duka. Mtume dukani akanunue kiberiti, ukiwa unamwona, aje na chenji. Seremala wa mtaani atakukatia mabaki ya mbao kuwa matofali ya kujengea kwa fedha kidogo. Mwombe apige msasa kingo zote, na usikubali yapakwe rangi usiyoijua, maana yataishia mdomoni mwa mdogo mtu.

5. Bajeti ya mwaka

Huu ni mfano wa mtoto mmoja, bila mwalimu wa kulipwa, jumla Sh 300,000:

- vitabu vya kiada na vya hadithi: 90,000
- madaftari, penseli, rangi, gundi, mkasi butu, manila, rimu moja: 60,000
- kuprinti na kutoa kopi: 40,000
- nauli na viingilio vya matembezi: 50,000
- bando: 30,000
- akiba: 30,000

Fungu la kuprinti ndilo linalovuja kuliko yote. Ukilipa Sh 200 kwa ukurasa, Sh 40,000 ni kurasa 200 tu, na mzazi aliyegundua karatasi za mazoezi za bure mtandaoni humaliza hizo ndani ya miezi miwili. Karatasi ya kufuatisha nukta herufi a inaweza kuandikwa kwa mkono, au ikaingizwa kwenye nailoni ngumu ya faili, mtoto akaandika kwa kalamu ya ubao mweupe na kufuta. Ukurasa mmoja ukatumika mwaka mzima.

Fungu la matembezi usiliguse. Arusha kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha, na lile Boma la Wajerumani lenye makumbusho ya elimu ya viumbe. Moshi kuna msitu wa Rau, wenye miti mikubwa na mashamba ya mpunga pembeni. Mikoa yote miwili ina maktaba ya mkoa, na hapo ulizia uanachama wa mtoto kabla hujanunua hata kitabu kimoja. Kituo cha vifodi, yaani daladala ndogo, nacho ni somo: rangi za mistari, namba za magari, nauli, na namna ya kumwambia konda "shusha" kwa sauti inayosikika.

Kisha panga kwa msimu wa kipato chako, si kwa kalenda ya Januari. Nyumba inayoishi kwa utalii ina fedha Juni hadi Oktoba, na tena mwishoni mwa Desemba. Masika haina. Nunua vitabu na rimu Septemba, ukiwa na uwezo, na uache Aprili na Mei kwa vitu visivyohitaji hela. Mwenye kahawa Kibosho au Marangu hesabu yake ni nyingine, maana mavuno huanza katikati ya mwaka na malipo hayaji siku hiyohiyo. Mwenye mshahara agawanye: 300,000 kwa miezi 12 ni 25,000 kwa mwezi, na kikundi cha VICOBA kinaweza kuitunza mbali na mikono.

Wakiwa watoto wawili, usizidishe mara mbili. Vitabu, matofali na chati hutumika tena. Kinachoongezeka ni madaftari, penseli na nauli.

6. Kununua

Vya TET na madaftari, maduka ya vitabu ya mjini. Linganisha mawili kabla ya kulipa. Vitabu vya picha vya Kiingereza, mafumbo ya kupanga na vichezeo vya mbao hutokea kwenye mitumba, na soko la Memorial Moshi linastahili asubuhi yako moja. Hesabu vipande vya fumbo papo hapo kabla hujatoa hela. Mwisho wa Juni, shule za kimataifa zinapofunga mwaka, familia zinazohama huuza vitabu kwa bei ya kuondokana navyo, kwa hiyo mjulishe mtu unayemfahamu huko mapema, Mei hivi.

7. Jaribu wiki sita, kisha amua

Usinunue mwaka mzima siku ya kwanza. Tumia robo ya bajeti kwa wiki sita za mwanzo. Mwishoni mwa wiki ya sita jiulize mambo matatu: mtoto anakuja mwenyewe au anaburutwa; kuna kitu kipya anachokifanya bila kuambiwa, kama kusoma bango la duka au kugawa chapati sawasawa; na wewe mwenyewe bado unaweza. La tatu likiwa hapana, kampeleke darasa la awali la shule ya msingi iliyo karibu. Ada haipo, fedha zilizobaki ziende kwenye sare na michango, na vitabu mlivyonavyo vitumike jioni.

Miezi ya mwisho wa mwaka ndiyo ya kuandikisha wanaoanza Januari. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kama bado hakijatoka, kishughulikie kabla ya Oktoba, maana foleni hurefuka kadiri Januari inavyokaribia. Beba cheti na kopi zake mbili, kadi ya kliniki, na daftari moja la mtoto alilolijaza mwenyewe. Mwalimu wa darasa atalipekua na kujua pa kuanzia.